Nusa Kwanza, Ndipo Ushike Spana

Vijana wa gereji, mmeniomba niwaandikie mambo niliyoyaona kwenye ufundi. Nimekubali, lakini nawaonya mapema: nimekasirika. Nimekasirika tangu masika yaliyopita, na kila nikikaa niandike maneno ya kistaarabu, hasira inashuka mkononi na kalamu inatoboa karatasi. Kwa hiyo yapokeeni hivyo hivyo. Anayetaka mzee wa kumpapasa kichwa aende kwa babu yake.

Nimeshika spana miaka thelathini na nane hapa Tukuyu. Nimetengeneza malori ya kubeba majani ya chai, matrekta, malori ya ndizi, na mashine za kusaga kule Kinyala ambazo wenyewe huzikumbuka zikishazima tu. Dizeli peke yake. Magari ya petroli niliwaachia wenye mikono laini.

Nianze na linalonikera kwenu. Gari likikosa nguvu mlimani, mnafanya nini? Mnabadilisha filta. Lisipopona, mnafungua nozeli. Lisipopona tena, mnakaa juu ya tairi na kupiga simu Mbeya. Kuna mmoja wenu, simtaji, alifunga dumu la lita ishirini juu ya kabini ya lori, akashusha mpira hadi kwenye injini ili dizeli iteremke yenyewe, akajifuta mikono na kusema tatizo limeisha. Lori likatoka Lupepo hadi barabara ya lami likiwa na dumu kichwani, na dereva anapiga honi kwa furaha. Nilipoliona nilitaka kulia. Lile dumu lingepasuka juu ya injini ya moto, mngezima kwa mate?

Yote hayo ni kukwepa kitu kimoja kidogo, pampu ya kuvuta dizeli. Kwenye injini za zamani imekaa ubavuni, ina ukubwa wa ngumi, imeshikwa na bolti mbili. Ndani yake kuna mpira mwembamba unaopanda na kushuka, na nyuma kuna mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini na kusukumwa na kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaozunguka humo ndani. Injini ikizunguka, mkono unacheza, mpira unavuta dizeli kutoka kwenye tenki na kuipeleka mbele. Mpira ukitoboka, dizeli haifiki inakotakiwa. Hilo mnalijua. Msilolijua, au mnalolijua na kulipuuza, ni kwamba dizeli hiyo haipotei hewani. Inapita kwenye tundu la mpira, inafuata ule mkono, inaingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi, haishiki chuma tena. Unaweza kufunga pampu mpya inayong'aa, gari likawaka mara moja, watu wakakupigia makofi, na umemwekea mwenye gari kifo ndani ya injini.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Fundi Hamisi, Mungu amrehemu. Gereji yake ilikuwa bati sita na mti wa kuning'inizia injini, hapa hapa mjini. Alikuwa mtu mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Gari lolote la dizeli likiingia, hata kama limekuja kwa sababu ya taa, alikuwa na desturi moja. Alichukua kitambaa cheupe, kisafi, alichokifua mwenyewe kila jioni. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye kitambaa, akanusa. Halafu alimpa mwenye gari naye anuse. Awe mkulima, awe mwalimu, awe mama aliyekodi lori kupeleka mahari. Wote walinusa. Ndipo alipogusa spana.

Nilikuwa mbishi. Siku moja nikamwambia, "Fundi, huyu dereva anajua nini kuhusu harufu ya oili?"

Akanijibu akikunja kitambaa. "Kwani pua inahitaji kusoma ndipo ijue dizeli? Wewe ukikosea, atakushika. Mimi nikikosea, atanishika. Gari ni la kwake, aliloliweka hapa ni maisha yake."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani ni mambo ya kizee.

Kosa langu la kwanza kwenye pampu hiyo nililifanya Suma, kwenye lori la chai. Masika, matope hadi magotini, na lori limejaa majani mabichi ambayo yakikaa juani au yakijibana kwenye magunia yanaungua na kiwanda kinayakataa. Wakulima walikuwa wamenizunguka. Nikafungua pampu mbovu, nikachomeka mpya, bolti hazifiki. Kumbe kemshafti ilikuwa imesimama sehemu yake ya juu, inasukuma ule mkono wa pampu. Dawa yake ni kuzungusha injini kidogo kwa spana hadi mkono ulegee, halafu bolti zinaingia kwa vidole. Mimi nikazilazimisha. Nikakaza moja, nikakaza ya pili, nikasikia *ka!* Sikio la pampu likavunjika. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa tata, tuyale haya majani kama mboga?" Nilitamani matope yanimeze.

Fundi Hamisi alikuja kwa miguu na pampu nyingine mfukoni. Hakunitukana. Alinifanya niifunge na kuifungua mara nne mbele ya wale wakulima. Tangu siku hiyo, mkono wangu unajua kemshafti ilipo hata kabla sijaigusa. Pia alinionyesha kukwangua gasketi ya zamani bila kuangusha uchafu ndani, kuweka washa mpya, zile pete za shaba za kuzibia, kwenye mabomba kwa kuwa zilizotumika huvuta hewa, na kutojaza silikoni. Vijana, silikoni! Mnaipaka kama mtu anayepaka siagi mkate wa jirani. Inayobaki nje mnaiona. Inayoingia ndani inakatika, inakwenda kuziba chujio la oili, na nyinyi mnasema injini ilikuwa nzee.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniumiza.

Nina rafiki anaitwa Ambakisye. Ni rika langu, tulikua pamoja, tulioga mto mmoja. Aliendesha malori ya chai maisha yake yote, mimi nikiyatengeneza. Alipostaafu, wengine wakijenga vyumba vya kupangisha, yeye alinunua gari-nyumba. Ndiyo, gari lenye kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki na kabati. Lililetwa na wasafiri wawili kutoka mbali, wakachoka nalo hapa, wakamuuzia na kupanda ndege. Makaratasi yake yalimsumbua mwaka mzima. Usukani uko kushoto, kwa hiyo akitaka kulipita lori anamwomba mkewe achungulie dirisha la kulia kama njia ni nyeupe. Watu walimcheka sana. Walisema Ambakisye amejenga nyumba isiyo na shamba.

Hawakujua kwa nini alilinunua. Mkewe, Mama Sekela, aliteleza kwenye matope akitoka kuchuma chai, akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Hawezi kukaa kwenye kiti hata nusu saa. Ni kulala au kusimama. Kupanda basi hawezi, teksi hawezi. Binti yao pekee, Sekela, ameolewa Songea. Sekela alikuwa amepoteza mimba mbili, na ya tatu ilikuwa imefika miezi minane. Alimpigia mama yake simu akasema, "Mama, safari hii nataka mikono yako." Nyote mnajua maana yake. Mwanamke akijifungua, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayempikia uji, anayempokea mtoto. Mama Sekela angefika Songea kwa namna moja tu, akiwa amelala kwenye kitanda cha lile gari.

Wiki moja kabla ya safari, gari likaanza kukosa nguvu mlimani na kusumbua kuwaka asubuhi. Ambakisye akalipeleka gereji ya Atupele.

Atupele mnamfahamu. Ndiye yule mama kijana mwenye gereji karibu na stendi, aliyesoma chuo cha ufundi, asiyesema sana. Sikumpenda. Nasema wazi. Nilikuwa nimestaafu, ninakunywa chai, na nilikasirika kila nilipopita pale na kuona simu imewekwa juu ya injini inaonyesha video. Ambakisye alipokuja kuniambia, "Gwe Asajile, gari liko kwa yule binti," niliacha chai mezani. Nikaenda na mkoba wangu wa spana.

Injini ya lile gari iko katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko. Nilipofungua tu nikaitambua pampu, ni ndugu kabisa na zile za matrekta ya chai. Nikahisi damu inarudi ujanani. Mama Sekela alikuwa amelala nyuma kwenye kitanda chake, anatutazama, anafurahi kwamba mzee amekuja.

Atupele alikuwa amekwisha kuagiza pampu mpya, na imefika. Alikuwa ameinama chini ya gari, ana beseni mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo beseni la nini?"

"Nilitaka nianze na oili, baba."

Na mimi, fundi wa miaka thelathini na nane, mwanafunzi wa Hamisi, nilisema nini? Nilisema, "Dizeli haifiki mbele, wewe unashika oili! Unataka kumuuzia mzee wa watu oili mpya? Weka chini hilo beseni, njoo uone pampu inavyofungwa!"

Akaliweka chini.

Vijana wengine nao wakaja, baadhi yenu mlikuwepo. Nikawa na darasa. Nikafoka kuhusu dumu la Lupepo, nikafoka kuhusu silikoni, nikafoka kuhusu simu. Nikawaonyesha jinsi ya kufunga bomba la tenki lisimwage, kulegeza mabomba mawili, kutoa bolti mbili. Nikazungusha injini hadi mkono ukalegea. Nikafunga pampu mpya kwa vidole, bolti zikaingia kama zimezaliwa pale. Nikaweka washa mpya. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, nikasukuma kikono kidogo cha nje ya pampu, cha kuvutia dizeli kwa mkono, mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka safi. Ambakisye akawasha. Likaitika mara moja. Watu wakapiga makofi, Mama Sekela akashukuru "Ndaga fijo, ndaga!" kutoka kitandani, na mimi nikafuta mikono nikiwatazama kwa dharau. Ile pampu mbovu niliitupa kwenye ndoo bila hata kuutazama mpira wake.

Kitambaa cheupe, kile alichoniachia Hamisi, kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikitembeza miaka yote. Sikukitoa.

Waliondoka kesho yake alfajiri. Ambakisye ni dereva mzuri, alipima oili kabla ya kuwasha. Baadaye aliniambia, "Ilikuwa imejaa pomoni, nikashukuru. Nikadhani wewe umeniongezea." Ilikuwa imejaa kwa sababu ya dizeli iliyoingia siku zote hizo! Hakunusa. Kwa nini anuse? Fundi wake alikuwa mimi.

Mnajua mlima wa kutoka huku kwenda Isongole, ukungu na kona na malori yanayotambaa. Gari zito, gia ya pili, injini inapiga kazi, na ndani yake oili nyepesi isiyoshika kitu. Karibu na juu likaanza kugonga. Ambakisye akalisimamisha haraka, lakini mabushi yanayoshika krenki, mhimili mkuu wa injini, yalikuwa yamekwisha kula chuma. Likakwama pale pale. Mvua ikanyesha. Mama Sekela akabaki amelala nyuma, na mbele yao safari yote ya Makambako, Njombe na Songea.

Walirudishwa wakivutwa na lori la ndizi. Siku ya nne Sekela akajifungua, mtoto wa kike, mzima. Aliyemkanda ni jirani. Mama Sekela alisikia mtoto analia kwenye simu, akaishika simu ile kifuani hata baada ya kukatika.

Nilipopata habari nilikwenda gereji ya Atupele. Nilikuwa na hasira ya kuua. Nilishaamua kwamba pampu ile ilikuwa feki, na kwamba yeye ndiye aliyeinunua. Nilimkuta chini ya lile gari-nyumba, amekwisha fungua nati ya oili. Ilikuwa inatoka kwenye beseni kama chai ya rangi. Harufu ya dizeli ilinipiga kabla sijainama. 

Nikakaa kwenye tairi. Nikamuuliza, "Siku ile, ulikuwa umenusa?"

"Nilinusa, baba. Ndiyo maana nilichukua beseni."

"Sasa mbona hukusema?"

Alijifuta mikono taratibu. "Ulikuwa unafoka mbele za watu. Wewe ni mzee wangu. Nikabishane nawe mbele ya vijana, mbele ya Mama Sekela? Nilisema moyoni, mzee huyu anajua zaidi, labda atamwaga oili mwisho. Halafu ukaondoka. Jioni nikataka kumfuata mzee Ambakisye nyumbani, nikaona nitaonekana nakuchongea."

"Ungenichongea!" Nilipiga kelele mpaka watu wa stendi wakageuka. "Ungenichongea, mwanangu! Bora ungenitukana!"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nilifundishwa adabu, baba."

Nani alimfundisha adabu hiyo? Sisi. Mimi. Tumewalea mkae kimya mzee anapoongea, na tumewasifu kwa kukaa kimya. Shambani sawa, msibani sawa. Kwenye injini ni ujinga, na nakasirika kwamba nimezeeka ndipo nimeujua. Wahenga walisema hasira hasara, na mimi nilikuwa nikiurudia msemo huo kwa wateja wagomvi nikicheka. Hasara ya hasira yangu imelipwa na mwanamke ambaye hakuwahi kunikosea.

Kwa hiyo nawaagiza, na hili ni agizo. Mzee yeyote akiinama mbele ya injini na wewe umenusa kitu, sema. Akifoka, sema tena. Akikufukuza, mfuate mwenye gari mpaka nyumbani kwake. Mzee huyo akija kunilalamikia kwamba umemvunjia heshima, nitamjibu mimi. Na wewe mwenyewe ukiwa mzee, usiwe na mdomo mkubwa kiasi cha kuziba pua yako.

Injini iko kwa Atupele sasa, imefunguliwa yote. Krenki imepelekwa Mbeya kusagwa, na mabushi ya injini ya zamani namna ile hayapatikani haraka. Kila Jumamosi ninakwenda kumwoshea bolti. Ndiyo, mimi. Ananipa ndoo ya dizeli na brashi, na nikiweka bolti mahali pasipo pake ananirudisha. Amejifunza haraka kuniambia nimekosea. Kitambaa cha Hamisi nimempa yeye, anakifua kila jioni.

Ilibaki kuomba msamaha. Nilichelewa wiki mbili, kwa aibu. Halafu nikachukua jogoo, nikaenda. Ambakisye alipokea jogoo, akanikaribisha, akaanza kuzungumzia mvua. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniudhi kuliko matusi. Kwa rika langu ningetaka anikunje shati.

Mama Sekela alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Kwenye ukuta alikuwa amebandika picha ya mjukuu. Nikamweleza yote bila kuficha: mpira, dizeli, oili, beseni la Atupele, kitambaa kilichobaki mkobani. Nikamweleza na desturi ya Fundi Hamisi, kwamba mwenye gari naye alinusishwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hiyo halufu, hata mtu asiye fundi angeisikia?"

"Angeisikia, mama. Ni kama ya taa ya chemli."

"Na mimi nilikuwa pale pale nyuma yako."

"Ulikuwepo."

Akageuza uso akaitazama picha ya mtoto.

"Basi ungeniita," alisema. "Kilichovunjika ni nyonga. Pua ninayo."